Pale Palipokuwa na Mfenesi

9 Januari

Kwa mdogo wangu, fundi bomba wa mahoteli makubwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani, zina vumbi kidogo maana mvua imetusahau. Mimi mzima. Cherehani nayo nzima, ila inadai mkanda mpya, na sare za shule mwezi huu zimenimaliza macho. Mama ukimuuliza anasema hajambo, ukimuuliza mara ya pili anasema hajambo kwa ukali. Wifi na watoto nawasalimu. Waambie shangazi yao bado anapumua.

Naandika kwa sababu Mama amepiga marufuku simu. Mara ya mwisho tulipopigiana alisikia makelele yetu yote akiwa uani, akasema tukitaka kutukanana tutukanane kwa maandishi, macho yake siku hizi hayasomi. Basi haya, karatasi hii hapa.

Jambo lenyewe ni mti. Chumba cha Mama hakina dari, juu ni bati tupu, na kuanzia saa sita mchana mle ndani ni kama sufuria iliyofunikwa. Miguu inavimba, kifua kinambana. Daktari amesema asishinde kwenye joto. Nje nako ni jua la utosi, maana tangu mfenesi wa Baba ukauke uani hakuna kivuli hata cha kuku. Nimekwenda kwa muuza miche nikaona mkungu, umenipita kichwa kwa urefu. Anasema ukimwagiliwa vizuri, ndani ya miaka miwili unatandaza matawi mtu akaweka kiti chini yake. Nataka kuupanda palepale ulipokuwa mfenesi, kati ya jiko na bafu, kwa sababu ndipo upepo unapopita na ndipo Mama anapopenda kukaa.

Nyumba ni yetu wote wawili, ndiyo maana nakuuliza. Isingekuwa hivyo ningekwishachimba.

Dada yako


31 Januari

Dada, shikamoo.

Barua yako imenikuta nimebanwa kwelikweli. Hoteli ina ghorofa nane, kila chumba na bafu lake, na bosi anataka maji ya moto yafike juu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Watoto wanakuamkia. Wadogo wote wawili walikohoa, sasa wamepona. Mpe Mama pole, mwambie anywe maji mengi.

Kuhusu mti. Mkungu hapana. Ukianza kuzaa utaleta popo wa mtaa mzima, majani yake mapana yataziba mfereji wa bati, na upepo ukija tawi linaangukia paa la jiko. Nakupa ushauri wa kitaalamu: tafuta mlimao, uupande kule mwisho, karibu na ukuta wa jirani. Pale katikati paache palivyo. Nasema hivi kama mtu anayejua nyumba, si kwa ubishi.

Halafu Dada, samahani, lakini wewe na miti tunajuana. Mfenesi wa Baba wote tunajua uliisha vipi. Sitaki kukumbusha.

Wako,
Mdogo wako


8 Februari

Kwa mtaalamu,

Marahaba. Watoto kupona kikohozi nimefurahi. Mama jana alikula vizuri. Salamu zimekwisha.

Hutaki kukumbusha, na hapohapo umekumbusha. Una ulimi wewe! Umeuma na kupuliza kwenye mstari mmoja. Sasa ngoja nami nikukumbushe, labda hewa ya ghorofa ya nane imekusahaulisha.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa natia rangi vitambaa, na maji ya rangi nilikuwa namwaga chini ya mfenesi. Kweli, nilimwaga. Mfenesi ukakauka. Baba alikuwa akitengenezea redio zake chini ya mti ule, wateja wanamfuata hapo, meza yake hapo, chai yake hapo. Ulipokauka alihamia barazani, na kuanzia siku hiyo jina langu likawa Muuaji. "Muuaji, niletee maji." "Mteja, huyu ndiye binti yangu, Muuaji." Wateja wakicheka, nami nacheka nao, nitafanyaje? Miaka mitatu ya mwisho ya maisha yake hakuwahi kuniita jina langu. Alifia mkononi mwangu, na neno la mwisho aliloniambia lilikuwa lilelile.

Nilisema wakati ule, na leo nakuandikia: maji niliyamwaga upande wa jiko, mti ulianza kukauka upande wa bafu. Hakuna aliyenisikiliza. Wewe ulikuwa umekuja likizo, umekaa palepale mezani, ukainamia sahani yako.

Mlimao! Kivuli cha mlimao kinamtosha nani, panya? Na ukuta wa jirani hauna upepo, ndiyo maana hata mbuzi wake hakai pale. Una lako jambo, bwana mdogo. Nahisi unataka katikati pabaki patupu ili Mama tukishamzika ujenge vyumba vya kupangisha. Sema tu. Usinizunguke.

Dada yako, jina lake unalijua


5 Machi

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka hasira zipoe. Hazijapoa. Mimi nijenge vyumba vya kupangisha juu ya kichwa cha mama yangu? Hivi ndivyo unavyonifikiria? Wewe miaka yote umekaa hapo umejifanya malkia wa nyumba, ufunguo kiunoni, hakuna msumari unaogongwa bila ruhusa yako, na mimi nikitoa ushauri mmoja naitwa mwizi. Mke wangu ameisoma barua yako amelia.

Kuja siwezi. Kazi haijaisha, na nikitoka mtu mwingine ataishika. Kama tatizo ni kivuli nitatuma turubai zuri, litafungwa ukutani kwa kamba nne, kazi ya siku moja tu, Mama anakaa.

Kama umeshikilia mti, basi panda unachotaka, mimi nimechoka. Ila usichimbe zaidi ya futi moja na nusu. Mche hauhitaji zaidi ya hapo.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Mkanda wa cherehani nimepata.

Turubai lako sikulihitaji, nikanunua mkungu. Jumamosi asubuhi nikashika jembe mwenyewe. Muuza miche aliniambia shimo liwe futi tatu, wewe ukasema moja na nusu, na kwa kuwa wewe ndiye uliyesema moja na nusu, nikaenda tatu.

Futi ya pili jembe likagonga bomba. Bomba la kijivu, nene, linatoka bafuni linakwenda moja kwa moja kwenye shimo la choo, limepita katikati ya uwanja kama barabara. Nikashangaa, maana wote tunajua bomba la bafu limezunguka ukutani. Baba alikuagiza lizunguke ukutani. Wewe mwenyewe ulimwonyesha Baba kwa kidole: limepita hapa, hapa na hapa.

Nikafukua kwa mikono. Huku na huku ya bomba kuna mzizi wa mfenesi, mnene kuliko paja langu. Umekatwa kwa msumeno. Haukuvunjika wala haukuoza, umekatwa, sawasawa, upande huu na upande huu, bomba likapita katikati. Kwenye kiungo cha bomba kulikuwa kunavuja, udongo mweusi, unanuka. Upande wa bafu.

Nilikaa chini kwenye tope na gauni langu. Mama akaniita kutoka ndani, mbona kimya? Nikamwambia napumzika.

Nieleze.


28 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki sita. Zamani posta ilikuwa inachukua siku nne. Kimya chako nimekisoma vizuri kuliko barua zako zote.

Shimo liko wazi, nimelifunika kwa mbao. Mkungu upo kwenye mfuko wake wa nailoni karibu na pipa, unangoja kama mgonjwa aliyekosa kitanda.

Mama alizirai tarehe kumi na mbili, saa nane mchana, chumbani kwake. Nilikuwa kwenye cherehani nikasikia kikombe kinaanguka. Tulilala hospitali siku mbili, yeye kitandani, mimi chini. Daktari aliniuliza kama tumefanya lile alilotuambia kuhusu joto, na mimi nikajibu kwamba tuko kwenye mazungumzo. Akaniangalia kama mwendawazimu.

Sikukupigia. Namba yako ninayo na simu ilikuwa na chaji. Nilikataa tu. Nilitaka siku moja ujue inavyokuwa mtu akijua jambo lako na akanyamaza.


10 Mei

Dada, shikamoo.

Ungenipigia. Hata kama unanichukia, ni mama yangu pia. Nilisoma nikiwa kazini, nikashuka ngazi ghorofa zote nane bila kujua nakwenda wapi.

Haya. Nitaeleza.

Baba alikuwa amekwenda kumzika kaka yake. Alisema akirudi Jumapili akute bomba limezunguka ukutani. Nilianza ukutani, Dada, naapa. Kule chini ni mwamba. Siku nzima ya kwanza nilichimba kipande kisichozidi kitanda, mikono ikatoka malengelenge. Na barua ya kazi ilikuwa mfukoni, inasema niripoti Jumatatu asubuhi au nafasi apewe mwingine. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nikapita katikati. Mzizi ukawa mbele yangu, nikachukua msumeno wa Baba. Wewe ulikuwa umekwenda kupeleka sare. Nikafukia, nikafagia, nikamwaga maji juu udongo ushikane. Baba aliporudi nikamwonyesha ukutani nilipokuwa nimechimba mwanzo, akanipiga bega, akasema sasa ana fundi ndani ya nyumba.

Sikujua mti utakufa. Ulipoanza kukauka nikaja likizo, nikakukuta tayari unaitwa jina lile. Kila likizo nilikuwa nakuja nimejiandaa kusema, na kila likizo nilikuwa narudi nalo. Baba alipokufa nikaona basi, imekwisha.

Ndiyo, nimekuzuia usichimbe pale. Ndiyo, niliandika yale maneno ya mfenesi kwenye barua ili unyamaze. Naona aibu kuyasoma.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usimwambie Mama. Moyo wake hautastahimili.

Mdogo wako


19 Mei

Imekwisha kwako! Kwangu Baba yupo barazani mpaka leo, ananiita nimletee maji.

Eti moyo wa Mama. Miaka yote hii moyo wake ulistahimili kusikia binti yake anaitwa muuaji, leo utashindwa kusikia kwamba mwanawe alikata mzizi? Acha kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Si moyo wake unaouhurumia, ni uso wako.

Sikiliza ninachotaka. Sitaki zawadi, sitaki turubai, sitaki wifi alie. Mwandikie Mama. Karatasi ya peke yake, kwa mkono wako, neno kwa neno: nani alikata, kwa nini, na nani hakukata. Nitamsomea mimi. Sitaongeza wala kupunguza herufi. Nataka asikie kutoka kwako, maana nikisema mimi nitakuwa najikosha.

Baba siwezi kumfufua nimsomee. Amebaki mmoja wa kuniita kwa jina langu akijua sikufanya, na huyo mmoja ana kifua kibovu. Ukichelewa tena wiki sita, bwana mdogo, utakuwa umeniua mimi pia.


20 Juni

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Dada atakusomea barua hii. Nimeiandika mara nyingi nikaichana.

Aliyeua mfenesi wa Baba ni mimi. Nilikata mzizi wake mkubwa kwa msumeno ili nipitishe bomba la bafu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kazini na ukutani palikuwa na mwamba. Nikamdanganya Baba. Maji ya rangi ya Dada hayakufanya kitu. Nilimwacha abebe lawama yangu tangu siku hiyo mpaka leo, na nilikuwa najua. Nisamehe.

Mwanao

(Dada, nyuma ya karatasi nakuandikia wewe, usimsomee. Ulichotaka umepata. Umeridhika?)


5 Julai

Mdogo wangu,

Leo sina habari za familia za kutanguliza. Hii yenyewe ndiyo habari.

Barua yako nilimsomea Mama Jumatano jioni, uani, jua limeshuka nyuma ya jiko. Nilivaa gauni zuri. Ndiyo, cheka. Nilijiona kama nakwenda kupokea cheti. Nilisoma polepole, na pale uliponitaja nikapaza sauti. Nilipomaliza nikakunja karatasi nikangoja. Nilitaka alie, nilitaka anishike mkono, sijui nilitaka nini.

Akaniuliza kama nimeanua nguo.

Nikamwambia, Mama, umesikia nilichosoma? Akasema amesikia. Akavuta kanga yake, kisha akasema, "Nilimwona."

Alikuwa jikoni, mlango umefunguliwa nusu, anachagua mchele. Alikuona unaingia shimoni na msumeno wa Baba, akakuona unavyofukia na kufagia. Alijua siku ileile kabla udongo haujakauka. Alijua mti ulipoanza kupukutika. Alijua Baba alipokuwa akinitambulisha kwa wateja wake. Siku Baba anakufa alikuwa upande wa pili wa kitanda, akalisikia lile neno, na alijua.

Nikamuuliza kwa nini, Mama? Akasema Baba angekufukuza wewe, na ukishafukuzwa usingerudi tena, wewe ulikuwa na pa kwenda. "Wewe ulikuwa hapahapa," akaniambia. "Ungekwenda wapi?" Aliongea kwa upole kabisa, kama anayeeleza kwa nini mboga ameitia chumvi kidogo. Halafu akaniomba nimpeleke ndani, baridi imeingia.

Umeniuliza kama nimeridhika. Hasira zangu zote nilikuwa nimezipanga juu yako, moja juu ya nyingine, na nilikuwa nazijua kwa idadi. Sasa sijui nizipeleke wapi. Siwezi kumgombeza mtu ambaye namfunga vifungo vya blauzi asubuhi. Nilikwenda bafuni nikalia na bomba nimelifungulia, nikasikia maji yanavyokwenda, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Bomba limehamishwa. Nimemwita fundi wa hapa mtaani, amelizungusha ukutani kama Baba alivyotaka. Amechukua siku nne na ametukana kila siku. Anasema mwamba ule ni balaa. Kwa hilo hukusema uongo, nakupa haki yako.

Mti nimeupanda. Mkungu ulikuwa umeshakufa kwenye mfuko wake tulipokuwa tunaandikiana, kwa hiyo nilirudi kwa muuza miche, na safari hii sikumuuliza upi unakua haraka. Nilichagua ninaoupenda mimi. Usiniulize ni mti gani, sitakuandikia.

Mama nampa dawa zake saa kwa saa. Namwogesha, namsuka, chakula chake nakionja kwanza kisiwe cha moto. Saa saba namtoa nje, namwekea mwavuli wa sokoni na jagi la maji. Zamani nilikuwa nahamishia cherehani uani tukashinda pamoja, mimi nashona yeye ananisimulia. Sasa nikishamkalisha narudi ndani nafunga mlango wa nyuma. Namsikia ananiita. Ananiita kwa jina langu, tena vizuri, aniulize kama mti umetoa jani. Nashona. Siwezi kutoka, na naumia kwamba siwezi.

Daktari amesema asiachwe peke yake mchana. Omba likizo, acha kazi, mwambie bosi wako maji ya moto yapande yenyewe, mimi sijui. Kiti nimeshakiweka karibu na chake. Mtu lazima akae naye pale, na safari hii si mimi.